Geti Linafunga, Gari Haliwaki

Jumatatu, 9 Machi

Injini imeingia. Gari halijawaka.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kimechoka. Injini ya zamani ya gari la Babu ilikufa mwezi uliopita njiani. Ilikohoa kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha ikaghairi. Babu mwenyewe alikwisha kututangulia zamani. Gari ndilo tulilobaki nalo. Jana pikapu ikatuletea injini nyingine, iliyotumika lakini nzima. Fundi akashinda akiifunga. Mtaa wote unamwita Daktari, kwa sababu kabla ya kugusa gari lolote huliinamia na kulisikiliza kifua. Leo asubuhi akanawa mikono, akaketi, akazungusha ufunguo.

Tik.

Basi. Taa zinawaka. Honi inalia. Redio inaimba. Injini: tik.

Daktari akasema ni wageni, gari na injini hawajazoeana. Nikauliza watazoeana lini. Akasema dada, wewe si umesoma, kwani ndoa huzijui? Sijaolewa na yeye anajua.

Kinachoninyima raha ni hiki. Bibi anataka kumwona mdogo wake, Bibi Mdogo, anayeishi mji wa pili, kabla hajahamia ng'ambo kwa mwanawe. Anaondoka Jumapili. Wote wawili wamekula chumvi nyingi. Hakuna anayesema itakuwa mara ya mwisho, na hakuna asiyejua. Shemeji, mume wa dada yangu, mwenye gari jeupe linalong'aa na nyumba chini ya mtaa huu huu, alijitolea kumpeleka. Nikamwambia asisumbuke. Nikamwambia Bibi, mbele ya watu wote, kwamba Jumamosi nitampeleka mimi, tena kwa gari la mumewe. Bibi akanishika mkono, akasema haya, mke mwenzangu, umeshasema. Shemeji akakataliwa palepale. Nilifurahi kupita kiasi. Nimejichunguza kuhusu furaha hiyo na sikupenda nilichokiona, lakini ahadi ni ahadi.

Jambo moja jema. Pikapu ilipoingia jana iling'oa komeo la geti. Mama akaanza na mbuzi wa jirani: ataingia, atakula mboga zake, nani atamlipa. Watu hunidhania mtu wa vitabu tu. Nikaokota uwanjani utepe mzuri wa waya uliosukwa, bapa, mzito, wenye tundu kila mwisho. Uwanja ulikuwa umejaa kamba na minyororo iliyokuja na injini. Utepe huo ulikuwa umelala pembeni, hauna mwenyewe. Nikauzungusha kwenye nguzo, nikaukaza kwa bolti. Geti sasa linafunga kuliko lilivyopata kufunga. Kulifungua kunahitaji spana, lakini usalama una gharama zake.

Najivunia.

Jumanne, 10 Machi

Daktari amesema betri. Amesema kwa ujasiri wa mtu asiyeinunua yeye. Nikamkumbusha kwamba betri ni mpya, hata jina langu nimeliandika juu yake kwa rangi nyeupe ili isiibwe. Akasema mpya ndizo zenye kudanganya.

Nimekisoma kitabu cha gari chote, pamoja na sura ya kuosha viti. Baada ya kubadilisha injini, kinasema, rudisha nyaya zote. Rudisha mabomba yote. Rudisha utepe wa ethi unaounganisha injini na bodi. Pana na mchoro, lakini umefifia. Nimemsomea Bibi sura hiyo kwa sauti akiwa kitandani. Aliitikia kila mstari kama yuko ibadani, kisha akalala. Niliridhika na matamshi yangu.

Mchana nilitekeleza mpango wa kujaribu betri nyingine bila kuinunua. Nilikwenda kula kwa dada. Shemeji ana tabia moja njema: akishakula hulala, tena hulala kama amekatwa waya. Nikatoka na spana ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeshaibeba betri yangu kwenye beseni la nguo. Nikang'oa ya gari lake, nikaweka yangu, nikapandisha mtaa na yake kichwani, nimeifunika kanga. Watu wakanisalimu. Nikaitikia kama mtu anayekwenda kufua.

Nikaifunga. Nikazungusha ufunguo. Tik.

Nikazungusha tena, nikashikilia. Tik, na moshi! Moshi mwembamba, kutoka kwenye ule waya wa pedali ya mafuta unaopita juu ya injini. Nikaugusa. Ulikuwa wa moto kama mpini wa sufuria. Nimelala chali kitandani nikitafakari kwa nini waya usiohusika na umeme upate moto. Ni swali zuri sana. Nimeliandika pembeni ili nilirudie nikipata nafasi.

Jioni Shemeji ametoka na gari lake. Kwa betri yangu! Limewaka mara moja. Nilimwona akipita, mkono nje ya dirisha.

Mtu mwingine angesema basi betri yangu haina kasoro. Mimi nadhani ni yeye tu ana bahati. Siku zote amekuwa nayo. Alimpata dada yangu.

Jumatano, 11 Machi

Leo ni stata, ile mota ya kuamshia injini. Daktari ameifungua, ameilaza chini kwenye gunia, ameishikisha waya mbili kutoka kwenye betri. Ikanguruma! Ikaruka kama samaki, ikataka kumng'ata mguu. Tukashangilia. Mama akatoka na mwiko kuja kuangalia. Daktari akairudisha garini, akaikaza, akazungusha ufunguo.

Tik.

Akashuka garini. Kisha akasema stata yangu ina haya, ikiwa nje mbele za watu inafanya kazi, ikiingizwa ndani inajikunyata. Nikasema haya si hoja ya kiufundi. Akasema yeye ameoa mara mbili, anajua anachokisema.

Kabla ya kuondoka alisimama karibu na gari akijikuna kisogo. Alisema tangu Jumapili ana hisia kwamba kuna kitu amekisahau. Nikangoja. Roho juu. Akapiga paji la uso: sabuni! Mkewe alimwagiza sabuni. Akakimbia. Nikatoka na spana kumfungulia geti, akasifu kazi yangu. Akasema kitu kimekaza kweli kweli, hata yeye hangefunga vizuri hivyo. Ni neno pekee la kweli alilolisema wiki hii.

Mama ameanza kuanika nguo kwenye gari. Anasema liwe na kazi basi. Shuka limefunika kioo cha mbele, soksi zimepangwa kwenye boneti kwa jozi. Nimepinga. Ameniuliza kama nataka kuendesha.

Bibi naye hukaa ndani yake. Kila alasiri, kiti cha nyuma, mkoba magotini, viatu vya kutokea, simu sikioni. Wanaongea na mdogo wake kila siku kwa kupiga kelele, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye asiyesikia. Leo nimemsikia akisema tayari ameshakaa garini. Bibi Mdogo akauliza mko wapi sasa. Bibi akachungulia nje, akaona soksi, akasema bado kidogo.

Nilikuwa nimeinama nyuma ya gari. Sikutoka mpaka alipokata simu.

Jirani ameniambia Shemeji anauliza kama nahitaji msaada. Nimesema hapana, tunamalizia. Neno "tunamalizia" limenichosha kuliko stata.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye mteremko.

Mtaa wetu unateremka. Gari la gia za mkono likisukumwa na kuachiwa klachi likiwa kwenye mwendo, huwaka bila kuhitaji stata. Kitabu kinasema hivyo. Daktari naye alisema hivyo, lakini kitabu kilitangulia. Nikakusanya majirani wanne, watu wa heshima zao, nikawaeleza kanuni. Mmoja akasema mwanangu, sisi tutasukuma tu, hayo mengine yabaki na wewe. Tukaondoa soksi. Nikafungua geti kwa spana, kazi iliyochukua muda kwa sababu nimelifunga vizuri mno.

Bibi akakataa kushuka. Alisema ameingia kwenye gari hili akiwa bi harusi, hatashushwa leo kwa sababu ya mteremko. Akafunga mlango, akashika mkoba.

Wakasukuma. Gari likaenda! Lilikwenda kimya, taratibu, kisha si taratibu. Upepo ukaingia. Nyuma yangu Bibi akawa anapungia watu mkono. Nilijisikia mtu mwenye mamlaka. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Gari likashtuka, likaguna, likaendelea kuteremka bila neno. Nikarudia. Likaguna tena.

Ufunguo una hatua. Ya kwanza hulegeza usukani. Ya pili huipa injini umeme. Mimi nilikuwa kwenye ya kwanza. Jambo hilo nalijua. Nimelisoma na kulipigia mstari. Nilikuwa naukumbuka hata ukurasa wake wakati mbuzi wa jirani alipokatiza.

Nikamkwepa. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Tukasimama kwa ustaarabu kabisa, pua kwenye mtaro, mkia barabarani, mbavu zikiziba geti la Shemeji kutoka nguzo hadi nguzo.

Gari lake liko ndani.

Majirani walifika wakihema. Wakaangalia. Mmoja akasema sasa hapa labda tungoje mvua. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kitu alichokiacha jikoni. Dada alitoka, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji hakucheka. Alimsaidia Bibi kushuka, akampa kiti, akampa maji. Akaniambia pole, shemeji. Pole tu. Kuna watu wana namna ya kukutoa nishai kwa adabu.

Bibi alisema safari ilikuwa nzuri, ila fupi.

Nimejichunguza tena. Chini ya aibu yote kuna furaha ndogo. Shemeji sasa hawezi kumpeleka Bibi hata akitaka. Nimeiandika hapa ili isije ikadai sikuiona.

Ijumaa, 13 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilimpelekea Daktari habari. Alikuja, akaliinamia gari pale mtaroni, akalisikiliza kifua. Akasema injini ni nzima. Nikamwuliza amejuaje na haijawahi kuwaka. Akasema injini mbovu ina kelele, na hii imetulia. Akaahidi kurudi jioni na watu wa kulitoa mtaroni. Hakurudi.

Mchana Shemeji alipanda kuja kwetu kwa miguu. Hana njia nyingine. Akagonga geti, akangoja nitafute spana. Akiwa nje aliniambia amefikiria jambo: ataita teksi kesho asubuhi, Bibi aende na kurudi, na hakuna haja ya mtu yeyote kujua nani ameiita. Alisema kwa sauti ya chini ili nisione haya. Hilo ndilo lililoniudhi.

Kisha akauona utepe. Akaushika, akaupima kwa kidole. Akasema chuma kizuri hiki, shemeji, umekitoa wapi? Nikasema ni ubunifu wangu. Akainama zaidi. Akasema kitu hiki amewahi kukiona mahali. Nikamwambia vitu vingi vinafanana, na kwamba macho huleta picha na akili ndiyo inayoongeza maana, na nikamweleza kwa kirefu jinsi kumbukumbu inavyoweza kumhadaa hata mtu mwerevu. Nilipomaliza alikuwa ameshasahau alichotaka kusema. Nilishinda hoja ile. Hata geti halikufunguliwa. Tulimalizia hapohapo, yeye nje, mimi ndani.

Kuhusu teksi nilisema nitamwuliza Bibi.

Nikamwuliza. Nakiri sikumwuliza kwa moyo mmoja. Nilisema Bibi, hutaki teksi, au sivyo? Akaniangalia. Akasema mjukuu wangu, wewe umesema gari litawaka?

Hapo palikuwa na nafasi. Niliiona wazi kabisa, pana kama mlango. Ningesema sijui. Neno moja.

Nikasema litawaka.

Akasema basi, teksi ya nini.

Jioni alikwenda kukaa mahali gari lilipokuwa likiegeshwa, kwenye kigoda, mkoba magotini. Pana doa la oili na nyasi zilizolala. Jua lilipozama alipiga simu. Safari hii hakupiga kelele, na ndiyo maana nilisikia kila neno. Alimwambia mdogo wake kwamba kesho inaonekana haiwezekani, ila asiwe na wasiwasi, mtoto anajitahidi. Mtoto ni mimi. Kisha akainama, akavua viatu vya kutokea, akavipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaviingiza ndani.

Nimechoka. Nimechoka na injini, nimechoka na Daktari, nimechoka na mtu huyu anayeandika hapa.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika lote.

Asubuhi, nikiwa sijanawa uso, geti likapigwa kwa bakora. Sauti ikasema fungueni, au humu mnaishi wafungwa? Nikachungulia. Teksi, na mbele yake Bibi Mdogo, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, amevaa koti la safari kwenye jua. Alisema kama mlima hauji yeye ana miguu, amsubiri nani. Nyuma yangu Bibi alikuwa ameshatoka peku peku, akilia na kuuliza kwa nini hafunguliwi.

Spana! Haikuonekana. Ikaonekana kwenye bakuli la vitunguu. Wazee wawili wakashikana vidole kupitia kwenye nondo za geti, mmoja huku, mmoja kule, wakisema umekonda, wewe ndiye umekonda, nami nahangaika na bolti katikati yao. Bibi Mdogo akaniambia mjukuu, hili geti mmeliwekea injini?

Bolti ikatoka. Geti likafunguka. Wakakumbatiana. Nikabaki na utepe mkononi.

Ulikuwa na grisi nyeusi upande mmoja. Kila tundu lilikuwa na duara linalong'aa, mahali palipokazwa bolti kwa miaka na miaka. Kisha nikaisikia sauti yangu, ile yenye matamshi mazuri, ikimsomea Bibi kitandani. Rudisha utepe wa ethi unaounganisha injini na bodi.

Umeme ulikuwa unakwenda kwenye injini na hauna njia ya kurudi. Ukatafuta njia yoyote, ukapita kwenye waya wa pedali, ukauchoma. Taa ziliwaka kwa sababu zenyewe hurudisha umeme kwenye bodi. Stata ilicheza chini kwa sababu Daktari aliipa waya zake. Kila kitu kilikuwa kimeniambia. Wiki nzima njia ya kurudi ya umeme ilikuwa inafunga geti.

Nilikimbia. Nilishuka mtaa na nguo ya kulalia, utepe mkono huu, spana mkono ule. Watu wakapisha. Nikafungua boneti, nikajiingiza mpaka kiunoni. Sehemu mbili zilikuwa zinanisubiri, moja kwenye injini, moja kwenye bodi, safi, tupu, zinatazamana kama watu waliokosana. Nikakaza. Nikaketi. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Nikafumba macho.

Likawaka!

Lilikohoa, likasita, kisha likanguruma kwa nguvu zote, kwa sababu pedali ilikuwa imeganda kwenye ule waya ulioungua. Njiwa waliruka kwenye paa la Shemeji. Dada akatoka na mswaki mdomoni. Majirani wakaja wote, hata wale wa kusubiri mvua, wakaliinua gari kutoka mtaroni wakipiga vigelegele. Shemeji akaja mpaka dirishani. Aliangalia ndani ya boneti, akaniangalia mimi, akasema jambo. Naamini lilikuwa, shemeji, si ndicho kile cha getini? Kwa bahati injini ilikuwa inanguruma, sikumsikia. Nilitikisa kichwa kuonyesha kwamba sikumsikia. Akasema tena. Sikumsikia tena.

Watu waliouliza niliwaambia ilikuwa hitilafu ya mzunguko. Wakanipa mkono.

Teksi ikaruhusiwa kwenda. Nimemrudisha Bibi Mdogo kwao kwa gari la Babu, na Bibi pembeni yake, njia nzima gia ya pili na breki, likinguruma kama simba mwenye jino bovu. Hakuna aliyeweza kuongea. Kwenye kioo niliwaona nyuma: wameshikana mikono, wanatazama mbele, wanacheka. Tulipofika na kuzima, masikio yakiwa bado yanavuma, Bibi alisema hata marehemu aliendesha hivihivi.

Walikaa pamoja mpaka jioni. Sitaandika kuagana kwao. Niliangalia upande mwingine.

Ila Bibi Mdogo alinivuta kando kabla. Akasema asante, mjukuu. Kisha akasema, angejua Jumatatu kwamba gari ni bovu, angekuja Jumatatu hiyohiyo na kulala na dada yake wiki nzima. Nafasi alikuwa nayo. Ila kila siku aliambiwa gari linakuja.

Hakusema kwa ubaya. Nimeliandika neno kwa neno. Nitalitafakari.

Jumapili, 15 Machi

Bibi Mdogo amepanda ndege. Amepiga simu akiwa ameshakaa, wakapigiana kelele mpaka mhudumu akamwambia azime. Bibi amelala mchana kutwa.

Daktari alikuja kubadilisha waya wa pedali. Nilimweleza hitilafu ya mzunguko kwa ujumla wake. Akasema hata yeye alishahisi ni mambo ya mzunguko. Hatukuulizana zaidi.

Shemeji alikuja kunishukuru kwa betri. Betri! Anasema ya kwake ilikuwa ina dalili za kufa, na tangu Jumanne gari lake linawaka kama jipya. Nikajitia sielewi anazungumzia nini. Akasema ina jina lako, shemeji, tena kwa mwandiko mzuri. Alijua tangu Jumanne! Alinyamaza kwa sababu yangu ni bora kuliko yake. Kwa hiyo nilifunga betri ya kufa kwenye gari langu kwa mikono yangu. Aliuliza kama nataka turudishiane. Nikasema la, ilikuwa zawadi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mbuzi wa jirani ameingia. Amekula mboga za Mama zote na soksi moja. Mama ananiuliza mimi, kama kwamba mbuzi ni ndugu yangu. Geti halina kitu tangu jana.

Jumatatu, 16 Machi

Siku mpya. Najisikia mwenye busara zaidi. Wiki iliyopita imenifundisha mengi kuhusu unyenyekevu, na nimeyapanga kichwani.

Shemeji amesema Alhamisi ana nafasi, anaweza kumpeleka Bibi kupimwa macho, miadi aliyoingoja muda mrefu. Nimemwambia asisumbuke. Nimemwambia Bibi, mbele ya Mama na dada, kwamba nitampeleka mimi. Bibi alinitazama kidogo, akasema haya, mke mwenzangu, umeshasema. Ameleta viatu vya kutokea mlangoni.

Geti pia limetengenezwa. Mahali alipofanyia kazi Daktari jana niliokota springi ndogo, nzuri, yenye ndoano kila upande, imelala kwenye nyasi, haina mwenyewe. Nimeitundika kati ya geti na nguzo. Haihitaji hata spana. Ukiliachia geti, springi inalivuta, linarudi lenyewe! Mama amelifungua na kuliachia mara kadhaa kwa kufurahi tu. Mbuzi amelisukuma kwa pembe, likamrudia usoni.

Najivunia.

Gari limewaka asubuhi bila shida. Jambo moja tu: ukishakanyaga mafuta, pedali hairudi, na injini inaendelea kunguruma kama Jumamosi mpaka uizime. Waya ni mpya kabisa, kwa hiyo si waya.

Namshuku Shemeji.